Volti Anasubiri Sindano

Cherehani ya Pindo huanza kulia asubuhi mapema. Iko chumba cha mbele, karibu na mlango, ili apate mwanga wa kutosha. Wateja huleta suruali ndefu zipunguzwe, sare za shule zilizochanika, na maneno ya mtaa mzima. Pindo hushona huku anasikiliza. Jina lake hasa si Pindo. Wateja ndio waliompa, kwa sababu hakuna mshonaji mwingine hapo anayepinda suruali ikakaa sawa kama yeye.

Mume wake naye ana jina la kupewa. Ni fundi umeme, na watu humwita Volti. Zamani ukiona miguu miwili juu ya ngazi katika mtaa huu, basi ujue ni ya Volti. Alikuwa mtu wa utani. Akimaliza kufunga taa mpya kwenye nyumba ya mtu, alimwita mwenye nyumba na kumwambia, "Haya, sasa utaona vumbi lako lote. Pole sana."

Hiyo ni zamani. Siku moja ngazi iliteleza mbele ya duka la vyombo. Volti alianguka chali juu ya ukingo wa saruji. Mifupa ya mgongo ilivunjika, na kile kilichomo ndani ya mifupa hiyo kikaumia. Hospitali walimtibu, na mifupa ikaunga. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu, na miguu haimtii.

Sasa amekaa nyumbani miezi kadhaa. Kitanda chake kimewekwa chumba cha mbele, upande wa pili wa cherehani, ili mkewe amwone akiwa kazini. Hospitali walimpa kiti cha magurudumu. Kiti hicho kiko nyuma ya mlango. Pindo hutundika juu yake nguo za wateja zilizokwisha kupigwa pasi. Usimlaumu. Nyumba ni ndogo, na mwenye kiti hakitaki.

"Hicho ni cha wagonjwa," Volti husema. "Mimi ninasubiri sindano."

Habari ya sindano ililetwa na mdogo wake Volti. Huyu walifanya kazi pamoja, na mtaa mzima humwita Mdogo, ingawa ni mrefu kiasi cha kuinama akiingia mlangoni. Siku hiyo aliinama, akaingia, akatoa simu mfukoni.

"Kaka, tazama hii," alisema. "Shemeji, njoo nawe."

Kwenye simu kulikuwa na video. Mwanamume alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, uso ameuinamisha. Akachomwa sindano mgongoni. Halafu muziki ukapigwa, na mtu yule akasimama akatembea huku watu wanapiga makofi. Sauti ikasema, "Seli shina! Tiba mpya ya uti wa mgongo! Miguu yako inarudi!" Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

Volti alipiga namba hiyo saa ileile. Aliyepokea alijiita daktari. Alikuwa na ulimi wa asali.

"Miguu yako huwa inaruka yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo, daktari. Hasa asubuhi."

"Basi wewe unafaa kabisa. Neva zako zinaita."

Tangu siku hiyo, kila mguu uliporuka chini ya shuka, Volti aliita kwa sauti, "Pindo! Njoo uone! Waya umepata moto!"

Pindo aliacha kushona akaja kutazama. Mguu ulikuwa unaruka kweli.

"Mimi nimeunga waya maisha yangu yote," Volti alimwambia. "Waya ukikatika, unamenya ncha zake, unasokota, unafunga tepu, taa inawaka. Hizo seli ndizo zitakazoniunga. Utaona. Nitawaka."

"Utawaka, mume wangu," Pindo alijibu. Alitaka iwe hivyo kuliko kitu chochote duniani.

Sindano hiyo ilikuwa ghali mno. Kitu pekee cha kuuza kilikuwa kibanda cha kazi cha Volti, pale kwenye kona ya barabara, pamoja na vifaa vyake vyote. Mdogo alihangaika huku na huku mpaka akapata mnunuzi. Ilibaki Volti kutia sahihi tu.

Huku nyuma Volti alisubiri. Alisubiri kwa bidii, kama mtu aliye kazini. Hospitali walikuwa wamemfundisha kujigeuza kitandani na kukaa kitini, lakini yeye aliona hayo yote ni ya nini kwa mtu anayekaribia kusimama. Pindo alipomwomba ageuke, alisema, "Niache. Nimelala vizuri." Mdogo alipotaka kuvunja kizingiti cha mlango ili kiti kipite, alimfokea. "Utaharibu mlango bure. Nitauvuka kwa miguu yangu."

Asubuhi moja Pindo alikuwa anamwogesha. Alipomgeuza ubavu aliona shuka ina unyevu. Juu kidogo ya makalio, palipo na mfupa, ngozi ilikuwa imefunguka. Kidonda kilikuwa na weusi pembeni, na kilinuka. Alifunika mahali pale kwa kitambaa safi, akatoka nje, akampigia simu nesi.

Nesi huyu anafanya kazi kliniki ya watu walioumia mgongo, na huwatembelea majumbani kwa pikipiki. Ni mwanamke asiyezunguka maneno. Alifika, akavua kofia ya pikipiki, akanawa mikono, akavaa glavu.

"Kaka, hiki kidonda umekuwa nacho tangu lini?"

"Kidonda gani?" Volti aliuliza.

Hakuwa anajifanya. Hakujua. Nesi alikipiga picha kwa simu yake, akamwekea Volti mbele ya macho. Volti alitazama muda mrefu.

"Lakini hakiumi," alisema.

"Ndiyo ubaya wake. Kingekuwa kinauma ungegeuka zamani. Hapa chini pana mfupa. Ukilala upande mmoja muda mrefu, mfupa na godoro vinaibana nyama katikati. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu inakufa. Mimi na mkeo hapa tunajigeuza hata usingizini, kwa sababu mwili unatuamsha. Wako hauwezi kukuamsha. Lazima kichwa kifanye kazi hiyo."

"Kitapona?"

"Kikitunzwa kitapona. Kikiachwa kitafika mfupani, kitatia sumu kwenye damu. Nimewaona watu waliookoka ajali kubwa, halafu wakauawa na kidonda kama hiki."

Volti alijikaza.

"Nesi, usinitishe. Nikichomwa sindano nitasimama. Nikisimama sitalala, na kidonda kitakwisha chenyewe."

"Sindano gani?"

Mdogo alikuwa amefika wakati huo. Akatoa simu, akamwonyesha video. Wote walingoja nesi acheke, au akasirike. Hakufanya hivyo. Aliitazama mpaka mwisho, akavuta kigoda akakaa.

"Kwa hiyo seli shina ni uongo?" Pindo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, dada. Seli shina ni kitu cha kweli. Ndiyo maana ni rahisi kudanganya watu kwa jina lake."

"Basi tueleze," Volti alisema. "Mimi ni fundi. Nitaelewa."

"Sawa, fundi. Mwili umejengwa kwa seli. Ni vitu vidogo sana, huvioni kwa macho. Kila seli ina kazi yake. Kuna za ngozi, kuna za damu, kuna za mfupa. Seli shina ni seli changa, ambayo bado haijapewa kazi moja. Inaweza kuzaa seli za kazi mbalimbali. Kwa baadhi ya magonjwa ya damu, madaktari wamezitumia miaka mingi, na zinatibu kweli. Sasa wanasayansi wanajiuliza, je, zinaweza pia kutengeneza ugwe wa mgongo?"

"Ugwe ndio nini?" Mdogo aliuliza.

"Ni kamba laini inayotoka kwenye ubongo na kushuka ndani ya mifupa ya mgongo. Ndani yake mna mishipa ya fahamu, ndizo neva. Ubongo ukisema nyanyua mguu, amri inapita humo."

"Kebo," Volti alisema. "Si nilisema?"

"Haya, kebo. Wewe ukiunga kebo, ndani mna nyaya ngapi?"

"Tatu. Kubwa zina tano."

"Unajuaje upi unaunga na upi?"

"Kwa rangi. Usipofuata rangi utachoma nyumba."

"Humu ndani ziko nyingi mno, hazina rangi, na ziko hai. Zikikatika, ncha zake zinasinyaa, na katikati panaota kovu. Sasa mtu akija akamwaga seli hapo kwa sindano, nani anaziambia hii iende kwenye dole gumba, hii iende kwenye kibofu?"

Volti alikuwa anatazama dari, na midomo yake ilicheza kidogo, kama zamani alipokuwa anapiga hesabu ya nyaya za nyumba ya mtu.

"Lakini miguu yangu inaruka," alisema mwishowe. "Daktari yule alisema neva zinaita."

"Chini ya mahali ulipoumia, ugwe bado uko hai. Umepoteza mawasiliano na ubongo tu. Kwa hiyo unajiamulia. Shuka ikigusa mguu, mguu unaruka bila amri yako. Ni misuli inakaza. Watu wengi walioumia kama wewe inawatokea, na ikizidi tuna dawa zake. Fundi, feni ikizunguka wakati swichi imezimwa, utamwambia mteja imepona?"

"Nitamwambia asiiguse," Volti alijibu kabla hajajizuia.

Pindo alicheka. Ilimtoka tu. Halafu akaziba mdomo, maana aliona uso wa mumewe umebadilika.

"Kwa hiyo umekuja kunikatisha tamaa," Volti alisema. Sauti yake ilikuwa kali. "Umekuja na pikipiki yako, unatembea kwa miguu yako, unaniambia mimi nisitembee."

Nesi hakuinua sauti.

"Una haki ya kukasirika. Sikukatishi tamaa. Ninakueleza ilipofikia kazi. Ziko hospitali za utafiti zinazojaribu seli hizi kwa watu walioumia mgongo. Wanajaribu kwa watu wachache, polepole. Wapo waliopata nafuu kidogo, labda kuhisi mahali walipokuwa hawahisi. Wengine hawakupata kitu. Na kwa kuwa mwili wenyewe hujitahidi kupona kidogo miezi ya mwanzo, si rahisi kujua nafuu ile imetoka wapi. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba sindano hiyo inamrudishia mtu miguu. Mambo ya mbele sijui. Ninatamani iwe. Mimi ndiye ninayewaosha vidonda, kwa nini nisitamani?"

"Basi nikijaribu nitapoteza nini?" Volti aliuliza. "Miguu tayari sina."

"Una mikono. Una kifua kinachopumua bila mashine. Sindano ya mgongoni iliyochomwa ovyo inaweza kuingiza wadudu wa ugonjwa. Seli zenyewe zinaweza kuota uvimbe ndani ya mgongo. Unaweza kupata maumivu yasiyokwisha. Na kuna jambo jingine. Siku utafiti wa kweli ukifika karibu nawe, wanaweza kukukataa, kwa sababu hawatajua umewekewa nini."

Hilo la mwisho lilimwingia Volti. Pindo aliona.

Nesi aliosha kidonda, akakifunga. Alipokuwa anakusanya vitu vyake alisema, "Usiniamini mimi kwa kuwa nimevaa sare. Yule naye pengine ana koti jeupe. Mpigie umuulize. Utafiti wa kweli una kibali, na watakuonyesha. Haukuuzii matibabu. Unakueleza hatari zake zote kwa lugha unayoielewa, na unakuacha ukafikiri. Halafu unamfuatilia mtu miaka. Muulize wale aliowachoma mwaka jana wako wapi leo. Akikujibu vizuri, nipigie simu, nitakuja kusikiliza na mimi."

Akamfundisha Pindo namna ya kumgeuza, kila baada ya saa mbili, asilalie kidonda hata kidogo. Akasema akipata homa wamkimbize hospitali. Kisha akavaa kofia yake akaondoka.

Volti hakupiga simu siku hiyo. Wala kesho yake. Alikuwa na simu mkononi, akaigeuza juu, akaigeuza chini. Aliogopa. Ukweli ni kwamba alijua tayari, na mtu akishajua jambo asilolitaka huwa mzito wa kuuliza.

Pindo naye alikuwa na lake. Aliitazama tena ile video, aliyotumiwa na Mdogo, mara nyingi, huku cherehani imesimama. Mwishowe akamwita Mdogo.

"Shemeji, simamisha hapo. Hapo anapoanza kunyanyuka. Tazama pindo la suruali yake, hapo nyuma ya kisigino. Unaona nyuzi?"

"Naona limelika."

"Pindo haliliki mtu akiwa amekaa. Linaliwa na ardhi, mtu anapolikanyaga akitembea. Sasa tazama soli ya kiatu. Imeisha upande mmoja. Wanasema amekaa kitini miaka. Hiyo soli kaimaliza nani?"

Mdogo aliikaribia simu mpaka pua ikaigusa. Inawezekana mtu yule alivaa nguo za kuazima. Pindo mwenyewe alilisema hilo. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya nyumba, na Volti alikuwa amesikia kila neno.

"Nipeni nafasi nipige simu," alisema.

Aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Karibu, fundi!" ilisema ile sauti laini. "Umeamua?"

"Bado. Nina maswali. Hii ni tiba iliyothibitishwa au ni utafiti?"

"Ni teknolojia ya kisasa, fundi. Ya kimataifa."

"Kibali mmepewa na nani?"

"Hayo ni mambo ya ofisi. Wewe fikiria miguu yako."

"Hatari zake ni zipi?"

"Hakuna madhara hata kidogo. Seli ni za asili."

"Daktari, mimi ni fundi umeme. Nikija kwako nikakuambia nyaya zangu haziwezi kumdhuru mtu hata kidogo, utalala kwenye nyumba hiyo?"

"Fundi, imani yako ndiyo nusu ya dawa."

"Sawa. Nipe mtu mmoja uliyemchoma mwaka jana. Mmoja tu. Niongee naye kwa simu."

"Siri za wagonjwa hatutoi. Sikiliza, zimebaki nafasi mbili. Ukilipa leo nakuwekea moja. Ukichelewa usinilaumu."

"Hujanijibu hata swali moja, ndugu yangu. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Sauti ile ikaacha ulaini. "Basi kaa hivyo hivyo mpaka ufe," ilisema, na simu ikakatwa.

Volti aliweka simu juu ya godoro, taratibu, kisha akageuza uso ukutani. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, kile kinachowafanya watu wa nyumbani wasijue pa kuweka mikono.

Pindo alikwenda akakaa kitandani, akamshika kichwa.

"Na mimi nilikuwa naitaka hiyo sindano," alisema. "Usidhani uko peke yako. Nilikwisha kuanza kukuona mlangoni umesimama, unaniuliza chakula kiko wapi. Nimelia kabla yako, mume wangu. Nililia jana jikoni."

Mdogo alikuwa bado amesimama katikati ya chumba. "Kaka," alisema, "ningeishika ile ngazi usingeanguka. Ndiyo maana nilihangaika na sindano. Nilitaka nikurudishe juu."

Volti aligeuka, macho mekundu. "Ulikuwa umekwenda kuchukua skrubu. Nani alikutuma?"

"Wewe."

"Basi. Nilikutuma mimi, na mimi ndiye sikungoja urudi. Usiibebe hiyo, nakuomba. Kamwambie mnunuzi wako kibanda hakiuzwi." Akafuta uso kwa shuka. "Na hicho kizingiti unaweza kukivunja."

Kupona kwa kidonda hakukuwa jambo la wiki moja. Volti alilala kifudifudi muda mwingi, kidevu juu ya mto, anatazama nje kupitia dirisha. Pindo aliosha na kufunga kama alivyofundishwa, na nesi alikuja kukagua. Mara moja kilirudi nyuma, kikatoa usaha, wakaenda hospitali, Volti akalazwa. Pindo alichoka. Kuna siku alimwambia nesi kwamba anaona mikono si yake tena. Nesi akamfundisha Mdogo naye, ili dada apumzike.

Mdogo alivunja kizingiti, akamwaga zege kutengeneza mteremko. Volti alisimamia kazi hiyo kutoka dirishani, akiwa amelala vile vile kifudifudi, na hakuna fundi aliyewahi kusumbuliwa kama Mdogo siku hiyo.

"Mkali mno huo! Unanijengea njia au unanijengea ukuta?"

"Kaka, mteremko uko sawa."

"Lete pima maji uniwekee hapo nione."

Volti alikuwa amesema kweli. Mteremko ulikuwa mkali. Kidonda kilipofunga na akaruhusiwa kukaa, alijaribu kupanda, kiti kikarudi nyuma chenyewe. Mdogo alikidaka. Walicheka wote watatu mpaka mteja aliyekuwa anasubiri sketi yake akacheka nao. Mdogo akauvunja, akaujenga upya, mrefu na wa taratibu.

Kukaa nako kulikuwa na masomo yake. Volti alijifunza kusukuma mikono na kunyanyua makalio kila mara, ili nyama ipate damu. Alijifunza kujikagua ngozi kwa kioo kila jioni. Mikono iliota malengelenge, ikakomaa. Siku ya kwanza alipokwenda mwenyewe mpaka kibandani, watu walimwangalia. Aliona aibu, na hakuficha. Alimwambia Pindo, "Nilitamani ardhi inimeze." Kesho yake akaenda tena.

Walikata miguu ya meza ya kazi ili imfikie. Sasa Volti anatengeneza feni, pasi na redio, na anafunga mabodi ya swichi ambayo Mdogo huenda kuyaweka kwenye nyumba za watu. Panapotakiwa ngazi, Mdogo hupanda na Volti huelekeza kutoka chini. Hakuna anayepanda kama hakuna anayeishika. Hilo halina mjadala.

Nesi hupita pale kibandani mara kwa mara. Siku moja alikuja na ombi.

"Wodini kuna mpishi wa hoteli. Aliangukiwa na rafu za stoo. Mgongo, kama wewe. Hataki kiti hata kukiona. Ana video kwenye simu yake."

"Ileile?"

"Nyingine. Muziki ni uleule."

Volti aliweka bisibisi chini.

Mpishi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sura ya ucheshi iliyokuwa imezimika. Alikuwa amelala chali. Alimtazama Volti, akatazama magurudumu, akageukia simu yake.

"Nesi amekutuma," alisema.

"Amenituma."

"Wewe ulichomwa sindano?"

"Sikuchomwa." Volti akamsimulia yote, mpaka na kulia kwake. Hakuacha kitu.

Mpishi alisikiliza bila kumkatiza. "Kwa hiyo haipo," alisema mwishowe.

"Inatafutwa na watu wa kweli. Haijapatikana. Atakayekuuzia leo anakuuzia kitu ambacho hana."

"Ukakata tamaa."

"Hapana, dada. Kila nikiamka nataka kutembea. Nakuambia ukweli, siku nyingine bado nalia. Ila niliacha kusubiri. Nilidhani kusubiri na kutumaini ni kitu kimoja, na nusura kuniue. Hiyo tiba ikija, nataka inikute hai, ngozi nzima, niko kazini. Wakiniita nitawaambia wangoje kidogo nimalize pasi ya mteja."

Mpishi alikaribia kucheka, akajizuia. Nje ya dirisha mtu alikuwa anasukuma toroli la sahani, na mpishi aligeuza sikio, akalisikiliza mpaka likapita.

"Jiko letu pale hotelini ni la juu," alisema. "Siwezi kulifikia nikiwa nimekaa."

"Meza hukatwa miguu. Jiko nalo hushushwa. Hayo ni mambo ya fundi tu."

Mpishi aliigeuza simu, uso chini, akaiweka kando. Akakitazama kiti cha Volti, kuanzia magurudumu mpaka mgongo wake.

"Kinachosha mikono?" aliuliza.

"Mwanzo kinachosha sana."

"Haya," alisema. "Kisogeze hapa nikione vizuri."